Ua Lisilo na Picha

Nyumbani binti yangu anaitwa Redio. Jina alipewa na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayeishi naye, kwa sababu mtoto huyu huanza kusema kabla hajafumbua macho, na usingizi peke yake ndio unaoweza kumzima. Anasimulia ndoto. Anagombana na viatu. Anauliza mwiko kama unaungua.

Shuleni, kwa mwaka mzima, hakusema neno. Majina yakiitwa asubuhi, wenzake waliitika "nipo". Yeye aliinua mkono.

Mwalimu wake aliniita mara tatu. "Mama, huyu nyumbani anaongea kweli?"

"Anaongea, mwalimu. Mpaka tunamwomba apumzike."

Akanitazama kama mnunuzi anavyomtazama mtu anayesifia kiatu kilichotoboka. Mimi nikaenda kumuuliza mwenyewe, naye akanijibu huku akimchana mwanasesere nywele, "Shuleni hakuongewi, mama." Nikajua hapo pana ukali. Nikamwekea mwalimu kinyongo moyoni, huku kila asubuhi nikimsalimia kwa tabasamu.

Basi siku mwalimu mkuu alipouliza kikaoni ni mzazi gani anajua kutengeneza mapambo ya ukutani kwa ajili ya mahafali ya chekechea, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kupanda. Niliwahi kusoma masomo ya jioni ya watu wazima, tulikuwa na kipindi cha kazi za mikono, na maua ya karatasi nayajua. Lakini haukuwa ujuzi ulioniinua mkono. Niliwaza, wakiniona nimehangaika na ukuta wao, hawatakuwa na moyo wa kumwacha mwanangu nyuma.

Watoto ishirini na wanne, maua ishirini na manne, kila ua na picha ya mtoto katikati. Unaikunja karatasi laini kama kipepeo cha kujipungia, unaifunga kiunoni kwa uzi, unakata ncha ziwe za mviringo, halafu unainua tabaka mojamoja. Ukiharakisha, linachanika na unaanza upya. Katikati nilibandika duara la kadibodi, nililolichora kwa kuzungusha penseli kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Kwa wiki mbili meza yetu haikuwa na pa kuweka sahani.

"Wifi, leo nimetafuna karatasi," alisema wifi yangu. "Huyu mtoto akifika chuo kikuu, mimi nahama."

Redio alijichagulia la zambarau. Alilikamata gundi ikiwa mbichi, na kidole gumba chake kikaacha alama kwenye petali ya chini.

"Hili ni mimi. Usimpe mtu."

"Simpi mtu."

Siku moja kabla ya sherehe, mchana, nilipanda ngazi nikayabandika maua ukutani kama upinde, kumi na mawili kila upande. La zambarau nililiweka mwisho, chini kulia, mahali anapoweza kulifikia. Mwalimu alisimama chini na bahasha, akinipa picha mojamoja. Nilimaliza la njano, la waridi, la bluu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," akasema.

"Bado ya wangu, mwalimu. Itakuwa imenata ndani ya bahasha."

Hakuangalia bahasha. "Shuka kwanza, mama."

Nikashuka.

"Wiki iliyopita tulimwita kila mtoto ofisini tukamuuliza jina lake na umri wake. Basi, hayo tu. Wako tulimsubiri, tukampa maji, tukamsubiri tena. Hatuwezi kumpeleka darasa la kwanza hivyo. Atarudia mwaka."

"Mngeniita."

"Nimekuita mara tatu, mama." Hakusema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

"Basi nilitoe hili ua?"

"Hapana, litaacha pengo. Libandike duara la njano katikati, lionekane ua tu."

Nikachukua kifuniko changu, nikachora, nikakata. Lile duara lilitoka zuri kuliko yote. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na sijausamehe mpaka leo.

Sikumwambia mtoto. Asubuhi nilimvalisha gauni lake jipya, nikamwambia leo tutakaa pamoja na wageni. Wenzake wakaingia na majoho ya bluu, wakaitwa mmoja mmoja. Wazazi walikuwa wanapiga picha mbele ya ukuta. "Nani kayafanya haya? Hongera, mama, mikono yako ina baraka!" Wifi yangu alikuwa anapenga kamasi kwenye leso na kusingizia vumbi.

Redio, mapajani mwangu, alikuwa anaupitia ukuta kwa kidole, ua baada ya ua, mpaka akafika chini kulia. Akanivuta sikio.

"Mama," akanong'ona, "picha yangu iko wapi?"

"Gundi haijakauka."

Akafikiri kidogo. "Mama, leo naweza kuongea kwa sauti?"

"Ongea, mwanangu. Kwani nani alikukataza?"

"Wewe."

Nikamgeuza nimwone uso.

"Siku ya kwanza, pale getini. Ulikuwa unanifunga kamba za viatu. Ukasema shuleni ni kimya, nikiongea watanirudisha nyumbani." Akanisogelea zaidi. "Sijaongea, mama. Hata siku moja!"

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyekuja kudai zawadi yake.

Nikaikumbuka kokoto iliyonichoma gotini. Nafasi ile ya shule tulikuwa tumeisubiri muda mrefu, na mimi niliogopa mdomo wa Redio wangu usije ukatuponza. Nilisema mara moja. Kabla sijavuka barabara nilikuwa nimeshasahau.

Nikalia. Hilo likawa kosa langu la pili, maana mtoto alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo shuleni, na alichokiona ni mama yake analia.

Wageni walipoanza kutawanyika, nilimburuta mkono mpaka kwa mwalimu. "Anaongea! Mwulize, mwalimu, tafadhali. Mwulize sasa hivi."

Mwalimu akachuchumaa. Alikuwa na uso mpole. Sijui mwaka mzima nilikuwa naangalia nini. "Haya, mpenzi. Unaitwa nani?"

Redio akanitazama mimi, macho yangu, mashavu yangu yenye maji. Midomo ikasogea.

"Jibu, mwanangu. Jibu."

Akaifunga. Kisha akainua mkono.

"Mwakani, mama," mwalimu akaniambia taratibu.

Mwakani ndio huu. Kila asubuhi, pale getini, napiga goti kwenye kokoto zilezile, nafunga kamba, namwambia: ongea, mwanangu, ongea mpaka wachoke, hakuna atakayekurudisha. Naendelea kumwambia mpaka kengele inapolia.

Anaitikia kwa kichwa.