Viwavi wa Mishea Yetu

Mimi ni wa kabila la Wabobo, na Mbobo asiyekula viwavi nani kamlea? Ukitaka kucheka, cheka. Mtani wangu Yero, Mfulani mchunga ng'ombe, ananicheka tangu nilipoolewa na wala sijakonda.

Basi ilikuwa miezi ya njaa, ghala tupu, mvua imeshika, na viwavi wameifagia mishea yetu, ile miti ya mafuta, majani yote. Kwetu hiyo ni neema. Wakishashiba wanashuka chini wenyewe, nasi wanawake tunaokota, na miti inachipua tena. Asubuhi nafika na beseni langu, namkuta nani? Keletigui, mwanangu wa kwanza, bomba la dawa ya pamba mgongoni.

"We, unafanya nini hapo?"

"Nataka kupuliza, Mama. Wakimaliza hapa wataingia kwenye pamba yangu."

"Lini umemwona kiwavi wa mshea akila pamba? Ukiwapuliza tutakula nini mpaka mavuno? Sumu?"

"Redio imesema wadudu wanaweza kuwamaliza binadamu wote! Na wewe unawaletea beseni!"

Lo! Damu ikanichemka. Nikaketi chini ya ule mti, nikanyoosha miguu. "Haya, anza na mimi." Akanizunguka, akaenda mti wa pili. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Sasa nitakalia miti mingapi?

Mara nikamwona Yero anapita na ng'ombe wake. Kumwomba Yero ni tabu, maana atalisimulia hilo mpaka tuzikwe. Lakini kwetu neno la mtani halikataliwi, hata uwe na hasira namna gani.

"Yero! Mtumwa wangu we, njoo hapa!"

"Leo mla wadudu ananiita? Sema kwanza kwamba mimi ndiye bwana wako."

"Sisemi ng'o! Mkataze huyu asipulize viwavi wetu."

Yero akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. Kisha akaenda akasimama mbele ya Keletigui. "We mtumwa, tua hilo bomba. Hawa mama zako wakikosa wadudu watanilia ng'ombe wangu."

Keletigui akasaga meno, lakini angefanyaje? Akatua.

Nilikuwa tayari kumsuta mbele ya Mfulani. Namtazama, kumbe machozi yanamtoka.

"Mama, mwaka jana viwavijeshi walimaliza mahindi yangu yote. Nilisimama shambani nikawaangalia wanavyokula. Nina watoto, Mama. Naogopa."

Maskini, hasira yote ikaniisha. Nikamvuta akaketi karibu yangu.

"Mahindi yalipokwisha, watoto wako walikula nini?"

Akamtupia Yero jicho.

"Sema, na Yero asikie."

"Viwavi," akasema kwa sauti ya chini. "Wale uliokuwa umewaanika."

"Sema tena."

"Viwavi wako, Mama!"

"Enhe! Walinona au walikonda, hao watoto?"

"Walinona."

"Basi iambie redio yako. Wadudu wamekuja hapa tangu enzi za bibi yake bibi yangu, wanakula majani yetu, wanakula mahindi yetu, na sisi tunawala wao. Hatujaisha. Mimi mwenyewe nilikubeba tumboni mwaka wa ukame, na mchuzi wangu ulikuwa viwavi mchana na jioni. Ndiyo maana wewe upo."

Keletigui akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akachukua beseni, akainama, akaanza kuokota.