Chuma cha Mama Osewe

Tangu kile kitu kiingie nyumbani kwake Mashimoni, Kageha hakuwa amemwona mdogo wake Shivachi akilala bila viatu. Alijitupa kitandani na raba zake, kamba zimefungwa, tayari kutoka mbio. Kageha alifua tu mashuka. Kitu chenyewe kilikuwa bastola, imefichwa ndani ya jiko bovu la makaa, risasi zake ndani ya soksi.

Shivachi si mwizi. Ni fundi wa kuchomelea mageti kule Kawangware, na kosa lake ni kutojua kusema hapana. Rafiki alimwomba amshikie mzigo kidogo, na kabla hajarudi kuuchukua, akapigwa risasi akafa. Shivachi aliogopa kuutupa, maana mtoto wa mtu angeuokota. Kuupeleka kituoni aliogopa zaidi.

Serikali ilikuwa imetangaza msamaha: anayerudisha silaha haramu hashtakiwi, ila muda ungekwisha baada ya Jumapili chache. Baada ya hapo ni jela, na vijana wa mtaa walijua kwamba si kila anayekamatwa na bunduki hufika jela.

Aliyeuleta msamaha huo hadi kwenye uwanja wa kanisa la Mashimoni ni Mama Osewe. Jina lake hasa ni Akeyo. Osewe wake aliuawa kwa risasi ambayo mpaka leo hakuna ajuaye ilitoka kwa nani, lakini watu waliendelea kumwita kwa jina la mwanawe, naye aliitika bila kusita. Mwanamke yule ana roho ngumu, jamani! Alikwenda ofisi hii na ile mpaka askari wa mlangoni wakazoea kumwekea kiti.

Kageha alimsindikiza siku moja, akamsikia akiwapa wakubwa historia yao. Enzi za mkoloni, aliwaambia, mzungu alilala na bunduki yake kwa leseni, na wakati wa hali ya hatari Mwafrika aliyepatikana na risasi tu aliweza kunyongwa. Uhuru ukaja, sheria ikarekebishwa mara hii na mara ile, lakini leseni bado ni ya wenye mali, na mtaa wa mabanda ni wa kuvunjiwa milango alfajiri. Watu waliofunzwa hivyo, akauliza, watawaletea vipi silaha mkononi? Wakubwa wakaangaliana, wakakubali: zipokewe kanisani, bila jina, bila maswali. Siku hiyo Kageha alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yake.

Lakini Jumapili zikapita, meza ikabaki tupu. Kageha alimbembeleza Shivachi mpaka akachoka.

"Sista, jina hawataandika, sawa," alimjibu, akionyesha upande wa polisi waliowekwa karibu na kanisa. "Lakini hao makarao wamesimama hapo kwa kioski ya maji. Sura yangu wataiweka kwa kichwa."

Katikati ya wiki ya mwisho, kwenye maombi, Mama Osewe alisimama kutangaza tena. Watoto walikuwa wamejaa viti vya mbele, akaona neno bunduki halifai. Akatumia la vijana.

"Mwenye ako na chuma kwa nyumba, alete Jumapili. Hatuulizi imetoka wapi."

Vijana walielewa mara moja. Kina mama watu wazima, ambao Sheng huwapita juu ya vitambaa vya kichwa, walielewa vingine kabisa.

Jumapili ilipofika, Wangoi, muuza maharagwe, alitangulia na karai lisilo na tako. Nyuma yake wakaja wengine na sufuria zilizotoboka, vitanda vilivyovunjika, fremu ya baiskeli. Walisikia chuma, wakajua kanisa linataka kuuza vyuma chakavu liezeke paa. Ofisa aliyeletwa kupokea silaha alishika kichwa, akamsihi Mama Osewe arekebishe tangazo.

Mama Osewe akalitazama lile rundo. Kageha aliona mdomo wake ukicheza. Kisha akachukua kipaza sauti.

"Mmefanya vizuri sana, na bado haitoshi. Kila nyumba ilete chuma. Na ifungwe kwa gunia, isikate mtu mkono."

Kageha hakungoja amina. Alikimbia nyumbani, akamkuta Shivachi ameketi na raba zake miguuni, akamweleza huku akihema. Shivachi alicheka, kwa mara ya kwanza tangu amzike rafiki yake. Wakalitia jiko guniani.

Foleni ilipita mbele ya kioski ya maji, magunia kwa magunia, na wale askari hawakujua wamtazame nani. Mama Osewe alipokea kila gunia kwa mikono yake. La Shivachi lilipomfikia, kitu kizito kiliteleza ndani kikagonga bati. Mikono yake ikasimama. Macho yakamjaa machozi, wala hakuyafuta.

"Asante, mwanangu," alisema polepole. "Jiko hii imechoka. Enda ulale."

Rundo lilipopekuliwa, ile bastola haikuwa peke yake. Ofisa alivua kofia mbele ya Mama Osewe. Wangoi naye alikuwa anauliza paa litaanza lini, na Mama Osewe, kwa uso mkavu, akamwambia ni karibu tu.

Kageha aliporudi mchana ule alikaribia kujikwaa mlangoni. Zilikuwa raba, zimewekwa nje pamoja, kamba zimelegezwa. Ndani Shivachi alikuwa anakoroma, nyayo zake zimetokeza nje ya shuka.