Karameli Zenye Namba ya Simu

Siku hiyo, tarehe thelathini Oktoba, nilitoka kazini saa nane mchana. Nilikuwa nimesimama mbele ya mashine za kufulia mashuka ya hospitali tangu alfajiri, na miguu ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu zimeacha alama. Mtu mwenye akili zake angelala. Mimi nilifunga aproni, nikateleka sufuria nzito, nikamimina sukari, siagi, krimu na shira ya mahindi, nikashika mwiko. Karameli haitaki haraka na haitaki kupewa mgongo. Ukigeuka kuangalia dirishani tu, imeungua.

Jirani yangu Velda aliingia bila kubisha, kama kawaida yake.

"Arlys, una wazimu wewe? Si ununue pipi za dukani kama wenzako?"

"Chukua mkasi, ukate karatasi."

"Watazitupa, shoga yangu. Unajua kabisa watazitupa."

Nilijua. Hapa mjini kwetu Des Moines, Usiku wa Ombaomba watoto hupita mlango kwa mlango wamevaa kama mizimu na wachawi, na hakuna anayepewa kitu mpaka asimulie kichekesho. Wakirudi nyumbani, mzazi anamwaga mfuko mezani na kukagua. Cha dukani kinapita. Kilichopikwa jikoni kwa mtu kinakwenda kwenye pipa la taka, maana kila mwaka kuna aliyemsikia binamu yake akisema kuna mtu alikuta sindano ndani ya pipi. Huyo aliyeikuta sijawahi kumwona kwa macho, lakini Loren wangu alipokuwa mdogo hata mimi nilikuwa natupa.

Na hiyo ndiyo sababu ya kupika. Pipi ya dukani haina mwenyewe. Inatoka mfukoni inaingia mdomoni. Kitu pekee ambacho baba wa mji huu anakishika na kukiangalia usiku ule ni kile anachotaka kukitupa. Nami nilitaka Loren anishike mkononi, japo kwa dakika moja.

Loren ni mwanangu, sina mwingine. Miaka sita iliyopita, mkesha wa harusi yake, tulikuwa mezani na wazazi wa Roxann, mchumba wake. Nikasimama na glasi yangu, nikasema, "Hawa nawapa mpaka theluji iyeyuke." Watu walicheka wakidhani natania. Loren hakucheka, kwa sababu ananijua. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa hadi nikaanguka kifudifudi. Theluji imeyeyuka mara sita na bado wako pamoja. Tangu siku ile Loren hajanisemesha, na barua zangu mbili zilirudi hazijafunguliwa.

Mwezi wa Agosti Velda aliniambia wamehamia mtaa wa nyuma, karibu na tangi la maji, na wana mtoto wa kiume wa miaka mitano. Nilisikia kuhusu mjukuu wangu kama mtu anayesikia habari za bei ya mahindi. Kwenda kubisha mlango wao sikuthubutu. Lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kuruka nyumba Usiku wa Ombaomba. Angekuja kwangu, na angeondoka na kitu chenye jina langu.

"Na baba yake akikitupa?" Velda aliuliza. Alikuwa anaandika vibandiko kwa mwandiko wake mzuri: *Arlys Tiedeman*, anwani, namba ya simu, na chini yake, *Ukiwa na swali, piga*.

"Akikitupa itakuwa mara ya tatu. Sitamsumbua tena."

"Uongo."

"Nimechoka, Velda. Mtu huchoka hata kuomba."

Nilidondosha tone la karameli kwenye kikombe cha maji baridi, nikalibonyeza kwa vidole. Likalegea na kusambaa. Ilitaka moto zaidi, na mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi hadi begani. Nilijiambia inatosha, nikaimwaga kwenye trei. Haikuganda. Baada ya saa nzima ilikuwa bado uji, ikabidi niirudishe yote sufuriani nianze kukoroga upya, huku machozi ya hasira yananitoka na Velda anajifanya anatafuta mkasi alioushika mkononi. Safari ya pili tone likajikusanya kuwa kidonge laini. Tulikata, tukafunga, tukabandika. Tulipomaliza kile cha mwisho, kengele ya mlango ikalia. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Baridi ilikuwa kali, na kila mtoto alikuwa amevalishwa koti juu ya vazi lake, kwa hiyo mizimu yote ilionekana kama inakwenda shule. Popo mmoja aliniuliza, "Kwa nini popo hulala kichwa chini?"

"Sijui, mwanangu."

"Kwa sababu hajui kuna vitanda!"

Nikampa. Mchawi wa kike alisahau kichekesho chake, akalia, dada yake akamsimulia kwa niaba. Nikawapa. Wazazi walibaki kwenye njia ya miguu na tochi zao, kofia zimeshuka hadi machoni. Nilitoa macho mpaka yakauma. Kila mvulana mdogo nilimtafutia masikio ya marehemu mume wangu, yale yaliyosimama, lakini masikio yote yalikuwa ndani ya kofia za sufu. Alikuja roboti wa maboksi, akaja simba, wakaja wachimba makaburi watatu wenye kimo kimoja. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye. Ningeweza kuuliza, "Wewe ni wa nani?" Mara mbili nilifungua mdomo. Niliogopa mtu mwenye tochi asije akamwita mtoto arudi, nikaufunga.

Saa mbili kamili taa za vibaraza zilizimwa mtaa mzima. Velda aliondoka akiwa amenikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilibaki nimesimama jikoni, nimeegemea sinki, naiangalia simu ya ukutani.

Ikalia. Nikainyakua.

"Samahani, hizi karameli zina karanga?" Mwanamke nisiyemjua.

"Hazina."

"Una hakika, mama?"

"Nimezipika mwenyewe."

Ikalia tena. Mwanamume, sauti nzito, nisiyemjua pia. "Bibi, siku hizi watu hawapiki. Unawatisha watu bure."

Jibu kali, la aina yangu ya zamani, lilikuwa tayari limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia asante kwa kupiga, na usiku mwema.

Kisha kimya. Nikaloweka sufuria. Nikafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameshalazwa saa hizo, na mfuko wake ulikuwa umeshakaguliwa. Nilijua hivyo, na nilijua maana yake. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno kulia. Nikanyoosha mkono kuzima taa.

Simu ikalia.

"Haloo," ilisema sauti ndogo sana. "Ni wewe mwenye karameli?"

"Ndiyo mimi."

"Baba amekula yangu."

Nikashika ukingo wa sinki. "Amekula?"

"Yote. Nilisema ni yangu, akasema anaikagua tu, halafu akaila. Mama amesema si haki. Nataka nyingine."

"Baba yako ni nani, mpenzi?"

"Loren."

"Loren nani?"

"Loren baba yangu!" alisema, kana kwamba anaongea na mtu mgumu wa kuelewa. "Lakini nina kichekesho. Siombi bure. Nianze?"

"Anza."

"Kwa nini trekta limepanda kitandani?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Kwa sababu limechoka!"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashindwa kusema, na yeye akacheka kwa kuona mzaha wake umefaulu, na nyuma yake nikasikia kiti kikiburutwa.

"Nimekuwekea kumi na moja," nilimwambia nilipopata pumzi. "Zote zako. Sasa niitie baba yako, tafadhali."

Simu ikawekwa juu ya kitu. Minong'ono ikapita, mmoja wa mwanamke. Kisha ile sauti ndogo ikarudi.

"Hawezi kuongea. Mdomo umejaa."

"Bado?"

"Amechukua na ile niliyompa Mama. Imemnata kwenye meno. Na anatoa machozi. Nimwambie nini?"

"Mwambie atafune taratibu," nikasema. "Mimi nipo. Mwekee simu hapo karibu naye."

Akaiweka. Nilivuta kiti nikakaa, nikamsikiliza mwanangu akitafuna.