Bwawa Lililopakwa Njano

Neno lililoniponza ni makazi, na nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni afisa wa wanyamapori. Miaka mitatu nimekanyaga tope la bwawa la matete nyuma ya soko, nikihesabu vyura wadogo wenye miguu myekundu ambao hawajaonekana kwingine kokote. Sheria inasema mnyama aliye hatarini kutoweka alindwe pamoja na mahali anapoishi, mradi mahali hapo paingizwe kwenye mpango wa mji. Nikaandika ripoti ya kurasa arobaini, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: ENEO HILI NI MAKAZI.

Ofisi ya mipango miji haisomi kurasa arobaini. Mchoraji wa ramani alisoma ule wa kwanza, akatazama orodha yake ya rangi, akaona makazi ni njano, yaani nyumba za kuishi watu, akapaka bwawa zima njano. Mkuu wake akatia sahihi, baraza likapitisha, tangazo likabandikwa ukutani. Viwanja themanini vikagawiwa juu ya maji.

Nilipanda ngazi za ofisi ile nimefura. Mkuu wa mipango, ambaye sote tunamwita Rula kwa kupenda kwake mistari iliyonyooka, alinisikiliza huku akichonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Akakiri kosa lipo. Akasema pia kwamba kosa likishapitishwa na baraza si kosa tena, ni mpango, na wa kuubadili ni yule atakayejaza fomu ya pingamizi kabla ya Ijumaa. Nikaomba fomu.

"Wewe ni mkazi wa eneo husika?" akauliza.

"Pale hakuna mkazi, mzee. Kuna vyura."

"Basi huna haki ya kupinga. Anayepinga ni mkazi, au aliyegawiwa kiwanja."

Mchoraji wa ramani, aliyekuwa meza ya pembeni, akacheka chini chini. Nilitamani kumvulia kiatu.

Nilichukua fomu hivyo hivyo, nikarudi nyumbani roho juu, na jikoni nikamkuta mdogo wangu anaimba. Tangu mumewe alipofariki, yeye na wanawe watatu wanalala sebuleni kwangu, mwaka wa pili sasa, na sijawahi kumsikia akiimba. Alinionyesha karatasi yenye muhuri: kiwanja namba kumi na saba, kando ya matete. Alikuwa ameshaamua mlango utazame wapi na watoto walale chumba kipi.

Nikavuta kigoda, nikamweleza yote, vyura, rangi ya njano, Ijumaa. Alinisikiliza kisu mkononi, vitunguu vikimsubiri.

"Dada, unataka niandike kwamba sitaki nyumba?"

Nilitaka hivyo hasa. Niliona haya, na bado nikasema ndiyo. Nikamwahidi kwamba mpango ukirekebishwa waliogawiwa watapewa viwanja kwingine, maana sheria iko wazi. Aliniamini kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye niliyesoma. Akasukuma vitunguu pembeni, akatia sahihi, akageukia sufuria yake. Hakuimba tena.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwa jina lake. Niliyasoma nimesimama mlangoni. Pingamizi limepokelewa na litazingatiwa katika mapitio yajayo ya mpango, baada ya miaka mitano. Kwa kuwa mhusika ameonyesha kutoridhika na kiwanja namba kumi na saba, kiwanja hicho amegawiwa mwombaji mwingine.

Sikujua nimlaani nani, Rula, mchoraji au mimi mwenyewe. Mdogo wangu akatoka akifuta mikono, akaniuliza barua inasemaje. Nikamsomea yote, sikuruka neno. Akauliza, bila kejeli yoyote:

"Na vyura wako?"

"Walianza kumwaga kifusi Jumatatu," nikamwambia.