Sogeeni Kidogo

Usijifanye hukuliona. Ulipita langoni pa hospitali saa nne asubuhi, gari dogo la rangi ya maziwa limeegeshwa kati ya baiskeli mbili, na wanawake kumi na tisa wenye mimba wanaingia ndani yake mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, bila kusukumana, wala hakuna aliyetokea upande wa pili. Ulihesabu mpaka wa saba. Halafu ukainama kufunga kamba za viatu, na siku ile ulivaa ndala. Tunakumbuka.

Basi kaa usikie, maana gari lile lina mwenyewe, na mwenyewe alilipenda.

Mwenyewe ni mkunga wa hospitali hiyo. Watu walimwita Sista Gia Mbili, kwa sababu miezi minne ya kwanza aliendesha kwa gia ya pili tu, isipokuwa mara moja, akisema ya tatu ina kiburi. Lilikuwa gari lake la kwanza, na la kwanza katika ukoo wao tangu ukoo uanze. Alilinunua kwa mwalimu mstaafu ambaye macho yalikuwa yamemwishia. Mwalimu alimkabidhi ufunguo pamoja na kitambaa cha kufutia vumbi, akamwambia kwamba mlango wa kushoto hufunguka kwa ndani tu, na kwamba honi hailii mpaka uwashe waipa za kioo. Sista aliona hizo ni tabia, si ubovu. Wiki nzima ya mwanzo alitoka uani asubuhi kabla ya kupiga mswaki kwenda kuhakikisha kama bado lipo. Akilikuta lipo, alilipiga kikofi mgongoni kama mtu anayemsalimia shemeji yake, akarudi ndani.

Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, alishona vitambaa vya viti kwa mabaki ya mapazia ya wateja. Kila kiti kikapata ua lake. Kiti cha mbele cha abiria alikipa ua kubwa kuliko yote, jekundu, akakikalia, akasema, "Hiki changu. Atakayekaa hapa ajue amenikalia mimi."

"Hata shemeji?"

"Shemeji yako ana baiskeli."

Jumapili walikwenda hospitali kubwa na kurudi. Hawakuwa na mgonjwa huko. Walikuwa wanafanya mazoezi. Hospitali kubwa iko ng'ambo ya kilima, na wodi yake ya wazazi ina paa. Wodi ya huku haina. Paa liliezuliwa miaka saba iliyopita kwa ajili ya ukarabati, na mlangoni ukapigiliwa ubao: TUNAOMBA RADHI KWA USUMBUFU. Mabati mapya yaliletwa. Tuliyaona yakishushwa, ilikuwa Jumanne. Yaliezeka banda la kuegeshea gari la Katibu wa hospitali, na yaliyobaki yakaezeka kibanda cha mlinzi wa gari la Katibu. Tangu hapo wajawazito wakawa wanasubiri kwenye benchi la mapokezi, watu kumi na mmoja kwenye benchi la watu watano.

Mdogo wake Sista alikalia benchi hilo kwa mimba yake ya kwanza. Akaja mama mwingine, naye akahitaji pa kukaa. Sista alikuwa zamu. Akapita na sauti yake ya kazini, ile ile ya kila siku, akasema, "Sogeeni kidogo." Mdogo wake alikuwa wa mwisho, pembeni. Akasogea. Benchi likaisha. Alianguka, na mtoto hakupona. Hakuna aliyeandika kitu, kwa kuwa kwenye daftari la wodi hakuna mahali pa kuandika benchi. Sista alimaliza zamu yake, akanawa mikono, akaanza kutafuta gari.

Kwa hiyo zile Jumapili hazikuwa matembezi, ingawa zilikuwa tamu kama matembezi. Kupanda kilima kwa gia ya pili kulichukua dakika arobaini. Walifika kwenye uzio wa hospitali kubwa, wakala machungwa, wakatazama paa, wakageuza.

"Dada, tumepitwa na mtu wa mkokoteni."

"Mwache, ana haraka zake."

"Mkokoteni wenyewe una magogo."

Jumapili ya tatu mvua ilinyesha, waipa zikawa na kazi halali, na kwa hiyo honi nayo ikawa ruksa. Wakapiga honi kilima kizima bila kumwonya mtu yeyote. Jumapili ya tano Sista alijaribu gia ya tatu, wote wawili wakanyamaza kama walioingia msikitini, kisha akairudisha ya pili na hawakulizungumzia tena. Jumapili zilikuwa sita. Ukimuuliza leo atakusimulia zote, pamoja na machungwa yaliyokuwa machachu. Ile ya sita ndiyo mdogo wake alimwambia kwamba ana mimba tena. Sista alishuka akapima upepo wa matairi, yote manne, na la akiba.

Jumatatu iliyofuata alikuta wanawake watatu wameketi chini langoni, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Akawapakia kuwapeleka ng'ambo. Walikuwa wamekwisha kukaa kiti cha nyuma, magoti yamegusa migongo ya viti vya mbele, alipokuja wa nne na mama mkwe wake na ndoo. Sista aliwageukia abiria, na neno likamtoka kwa mazoea.

"Sogeeni kidogo."

Hakuna aliyeweza kusogea. Gari ndilo lililosogea. Upande wa kulia uliondoka taratibu kwa upana wa mtu mmoja, kisha, baada ya kufikiri, kwa upana wa mama mkwe. Kwa nje lilibaki vilevile, kati ya baiskeli zake mbili. Mama mkwe aliweka ndoo chini, akasema, "Afadhali," akauliza kama kuna mahali pa kutundika khanga. Palikuwepo.

Safari ya pili walikuwa tisa, na viti vilijipanga safu tatu, vyote vina maua. Safari ya nne mmoja hakuweza kungoja kilima kiishe. Sista alisimamisha gari, akasema, "Sogeeni, alale," na kikatokea kitanda cha chuma chenye mpira wa kijani na pazia la kuvuta. Mtoto alizaliwa salama, mvulana, akapewa jina la utani Kilima. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kwenda ng'ambo. Vikaja vitanda vingine, kisha korido, kisha chumba cha kunawia, kisha saa ya ukutani iliyochelewa dakika kumi kama ile ya mapokezi.

Sista alilipeleka kwa fundi wa magari. Fundi aliingia ndani na tochi, akatembea dakika tano, akarudi akijifuta mikono.

"Limerefuka kwa ndani," alisema.

"Nimeona."

"Injini nzima. Breki nzima. Plagi nimesafisha. Haya mengine ya vitanda, Sista, mimi sihusiki. Muone seremala."

Kila siku saa kumi na mbili jioni Sista alirudi nalo nyumbani, pamoja na wagonjwa wake wote, na majirani walizoea vichanga kulia uani kwake. Kuona wagonjwa ilikuwa saa sita na saa kumi, Jumapili mchana kutwa. Mume mmoja aliingia na chupa ya chai akapotea kwenye korido siku mbili, akatokea kwenye buti la gari, chai bado ya moto. Jumapili zile za machungwa zikaisha, maana huwezi kupandisha kilima na wodi imejaa wageni.

"Gari letu limekuwa la watu," mdogo wake alisema. Alikuwa anavuta uzi kwa meno, tumbo likigusa meza ya cherehani.

"Kiti chako kipo."

"Kipo?"

"Sijawahi kukiambia kisogee. Yale mengine yote nimeyaambia. Hicho, hapana."

Katibu wa hospitali aliletewa taarifa na mlinzi wa gari lake. Alikuja na shati la mikono mirefu, akachungulia dirishani, akaona korido na mwisho wake asiuone.

"Sista, gari hili lina kibali cha kulaza wagonjwa?"

"Halina, Katibu."

"Hilo ni kosa." Akachungulia tena. "Vitanda vingapi?"

"Kumi na tisa."

"Paa linavuja?"

"Halivuji."

Uso wa Katibu ukatulia kama wa mtu aliyevuliwa viatu. Siku ile ile aliandika barua mbili. Ya kwanza ilisema kwamba hospitali haihitaji tena mabati, kwa kuwa wodi ya wazazi imepatikana na ina paa. Ya pili ilimpongeza Sista kwa moyo wa kujitolea na kumtaka akabidhi ufunguo. Tumezisoma zote mbili. Zilibandikwa ubaoni, na wewe ulisimama mbele yake ukasoma tangazo la mechi lililokuwa pembeni.

Siku ya uzinduzi utepe ulifungwa kutoka kioo cha kushoto hadi kioo cha kulia. Viti vya wageni vilipangwa chini ya banda la gari la Katibu, kwa sababu hapo ndipo penye kivuli. Katibu alisema maneno juu ya ubunifu. Alipokuwa katikati ya maneno hayo, mdogo wake Sista alifika kwa miguu, mkono mmoja kiunoni, akapenya katikati ya wageni. Dada yake alimfungulia kwa ndani mlango wa kushoto, ule wenye tabia. Akaketi juu ya ua lake jekundu. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri.

Katibu alikata utepe. Mpiga picha akamwambia picha nzuri itakuwa ya kukaa kiti cha mbele, mkono kwenye dirisha, kama dereva wa maendeleo. Upande wa usukani kulikuwa na jua usoni. Katibu akazunguka upande wa pili, akainama.

"Mama, sogea kidogo."

Mwanamke alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anapumua kama alivyofundishwa.

"Sisogei."

"Ni dakika moja tu, mama. Picha."

"Na ile ya kwenye benchi ilikuwa dakika moja."

Katibu hakuelewa. Alimwona anasema ovyo kwa maumivu. Akamgeukia mkunga. "Sista, hebu mwambie."

Sista alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha dereva, ameshavaa glavu. Neno lilikuwepo mdomoni, limekaa palepale lilipokaa miaka kumi na minane ya kazi, limezoea kutoka lenyewe. Alilitafuna, akalimeza.

"Kiti kina mwenyewe, Katibu," alisema. "Na wewe unanizuilia mwanga."

Mtoto alizaliwa hapohapo, juu ya ua jekundu, msichana, akalia kabla hajapigwa. Mpiga picha alipiga hata hivyo, kwa kuwa alishaitwa. Picha imetundikwa mapokezi: unaona kiwiko cha Katibu, na juu yake kidogo, mguu wa mtoto.

Kuanzia siku hiyo gari halikusogea tena. Aliletwa mama wa ishirini, akaambiwa nafasi itapatikana sasa hivi, na mhudumu akasimama kwenye korido ya gari akasema, "Sogeeni kidogo." Hakuna kilichotokea. Akasema tafadhali. Akasema kwa ukali. Kisha ikaonekana kwamba halisogei hata kwa nje. Fundi akaitwa, akafungua boneti, akafunga.

"Lina nini?" Katibu aliuliza.

"Halina kitu. Limekataa."

Katibu hakukasirika. Alisema wodi haitakiwi kuzurura. Ufunguo upo kwenye droo yake, ule ubao wa kuomba radhi umehamishiwa juu ya boneti, na kuta za wodi ya zamani zinaota majani. Barua ya mabati haijafutwa. Sista anakwenda kazini kwa miguu. Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, anaketi kwenye usukani, mdogo wake kwenye ua lake, mtoto mapajani. Wanamenya machungwa. Mbele yao ni ukuta wa banda la Katibu. Sista anaingiza gia ya pili, anawasha waipa juani, ambazo hazijawahi kudai ufunguo, anampa mtoto honi apige.

Na yule mama wa ishirini? Yuko kwenye benchi. Leo, saa hii unaposoma. Wako kumi na mmoja, yeye ni wa mwisho pembeni, na kuna mwingine anashuka langoni. Gari limesogea mpaka lilipoweza. Mkunga amesogea, mdogo wake alisogea akaangukia pale unapopajua. Aliyebaki hajasogezwa ni Katibu peke yake, na wewe umekuwa ukimpisha.

Inuka. Acha hizo kamba, umevaa ndala. Ofisi yake haifungwi mpaka saa tisa na nusu. Ingia, vuta kiti chake kile cha kuzunguka, ukikalie, umwambie mabati yanarudi leo. Mchukue jirani yako akae kwenye meza, na jirani yake akae mlangoni. Katibu atatabasamu. Atakuambia sogea kidogo, ni dakika moja tu.

Usisogee.