Ampli Iliyolala Kifudifudi

Jumamosi ya harusi ya Jaël, kabla maharusi hawajafika, Émilienne alikuwa akitembea ndani ya ukumbi wa parokia kule Panda, mtaa wa Likasi, huku anapiga gitaa la besi peke yake, waya mrefu ukimfuata kati ya viti. Ndivyo afanyavyo kila mara. Mpiga besi anayesimama mbele ya ampli yake, lile sanduku la kukuzia sauti, hawezi kujua anawafanyia nini watu wa nyuma, kwa sababu sauti nene humpita miguuni bila kusema kitu, ikaenda kufumukia huko mbali kwenye kona walikoketi shangazi za watu. Kwa hiyo Émilienne hutembea. Alifika mlangoni, akainamisha kichwa, akarudi, akazungusha kitufe cha sauti nyuma kidogo, akaenda tena mlangoni. Wapiga besi wengine wa Likasi hukaa palepale wakajisikiliza wenyewe, na majina yao tunayaacha.

Alikuwa amevua viatu. Ampli aliiweka chini kabisa, juu ya saruji, kwenye kona ya kushoto, ingawa Ricky, mkuu wa bendi na mpiga gitaa la solo, alikuwa amemtafutia kreti za bia za kuiinulia. Ampli iliyo juu ya kreti husikika safi. Iliyo juu ya saruji huitia sakafu nzima kazini, na siku hiyo Émilienne alitaka sakafu ifanye kazi kwa ajili ya wazee.

Wazee walikuwa wameshaketi karibu na kona ile, viatu wamevisukuma chini ya viti, nyayo tupu juu ya saruji. Ni wanaume waliofanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe katika kiwanda ambacho tangu hapo kimebadilisha wenyewe na jina, na masikio yao wote yalibaki kulekule. Hakuna aliyewaalika. Germain tu ndiye aliyekuwa na haki ya kiti, maana alikuwa baba wa Jaël, bibi harusi. Lakini Panda nzima inajua kwamba palipo na besi ya Émilienne wazee wa mashine watafika, na mwenye sherehe anayejua kuishi na watu huwapikia mapema.

Jambo lenyewe ni hili. Maneno anayoambiwa mtu asiyesikia hayapotei. Hukosa pa kuingia, huanguka, hukaa kwenye sakafu za mji. Besi ikipigwa kwa kiasi chake, maneno hupanda kupitia nyayo za mwenyewe, kwa mpangilio ambao yalisemwa, ya zamani kwanza. Ikizidi, maneno ya watu wote huchanganyika; mzee Barthélemy aliwahi kupokea ugomvi mzima wa mke na mume wa mtaa wa Kikula asiowafahamu, na mpaka leo yuko upande wa mke. Ikipungua, hayanyanyuki. Ikikatika, neno lililokuwa njiani hurudi chini na halipandi tena. Émilienne aligundua kiasi hicho kwenye matanga fulani, kreti zilipokosekana, na tangu hapo anakijua kama mama anavyojua maji ya kumwogeshea mtoto. Wengine wamejaribu. Walichopata ni malalamiko ya majirani.

Germain alikuwa akipokea yake harusi kwa harusi, kipaimara kwa kipaimara. Alishapokea salamu nyingi, mahubiri ya mapadri wawili, na matusi ya dereva mmoja wa taksi-basi ambayo mwenyewe alikiri kwamba yalimstahili. Sasa alikuwa amefika mwaka alioachishwa kazi, na mwaka huohuo ndio mkewe Martine alifariki. Siku ya mwisho Martine alimwita kitandani, akamshika ukosi wa shati, akamwambia kitu. Germain hakusikia. Watoto walikuwa wamesimama pale, naye aliona aibu kumwomba arudie mtu ambaye pumzi zilikuwa zinamwishia, akatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo ameishi bila kujua alikubali nini. Huenda aliahidi kutooa tena, na kwa tahadhari hakuoa. Huenda aliahidi kumzika kule Kakanda karibu na mama yake, na yeye alimzika hapahapa Likasi. Jambo hilo lilimtesa kuliko ukiziwi wenyewe.

"Maman Émilienne," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Leo njo leo. Usiniache mu njia."

Émilienne alimwinulia mkono kumwonyesha kwamba amesikia, na ukumbi mzima pia ulikuwa umesikia.

Maharusi waliingia, wakaketishwa, chakula kikaletwa. Mezani mbele, kulia kwa Jaël, alikaa parrain wa ndoa, yaani msimamizi wa maharusi, Docteur Magloire, mtu mpole, mwenye kliniki ambako Jaël ni muuguzi. Zamani alikuwa daktari wa kiwanda kile cha wazee, usine kama wanavyoiita. Bendi ilianza rumba ya polepole ya kusindikizia chakula, na baada ya muda Ricky alisogea upande wa Émilienne bila kuacha kupiga.

"Table ya mbele banasema soupe inacheza mu sahani."

"Inacheza bien?"

"Maman, punguza kiloko."

Alipunguza kidogo. Kisha, katikati ya wimbo, bila kupoteza hata noti, aliisukuma ampli kwa mguu mpaka ikakaribia visigino vya wazee. Ampli ikiwa karibu haihitaji kelele. Supu ilitulia mezani mbele na nyayo hazikupungukiwa kitu, na mtu anayejua muziki angesimamisha kijiko chake kuistaajabia kazi ile. Watu walikuwa na njaa, wakaendelea kula.

Ndipo Germain alipoanza kusema. Wazee wa mashine wana kawaida ya kuyatamka maneno kadiri yanavyopanda, na kwa kuwa hawajisikii, huyatamka kwa nguvu.

"Huyu, masikio ni mashine njo iliua," alisema Germain, macho amefumba. "Iko wazi. Lakini tukiandika mashine, usine italipa bote. Andika uzee." Akakohoa, kwa sababu kwenye maneno yale, aliyoambiwa muuguzi mbele yake, palikuwa na kikohozi. "Unaweza kusema tu, infirmière. Hasikie kitu."

Meza za mbele zilisikia vizuri sana. Jaël aliijua namna ile ya kusema, maana huisikia kila asubuhi kazini, akayatazama mapaja yake. Guy, mumewe mpya, alimwongezea soda. Docteur Magloire alimaliza kutafuna.

"Ni minye," alisema, akiitambua sauti yake. "Ile semaine nilikuwa na grippe."

Shangazi mmoja alisema kweli, mwaka ule mafua yalikuwa mabaya. Mwingine aliomba chumvi. Wazee wengine hawakusikia chochote, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ya kwake yanayopanda. François, jirani wa Germain, alikuwa akicheka kwa mzaha wa zamani sana.

Daktari alifuta midomo, akamwita Ricky kwa kidole, akamnong'oneza, na Ricky alirudi kwa Émilienne akiwa hana raha.

"Parrain anataka kusema discours. Anasema base ikufe kabisa."

"Papa Germain hayafika ku maneno ya Martine."

"Minajua. Lakini ni parrain."

"Muambie hatasikia base," alisema Émilienne.

Hapa ndipo inafaa mtu amheshimu. Kuzima hakuweza, kwa kuwa maneno ya Martine yalikuwa ndiyo yanayofuata, na kama yangekatwa njiani yasingepanda tena maishani mwa Germain. Kuendelea vilevile hakuweza pia. Aliinama, mkono wa kushoto ukiendelea kubana nyuzi na kidole gumba cha kulia kikigonga, akaikumbatia ampli kwa magoti, akailaza kifudifudi, uso wa spika ukabusu saruji. Kisha akashusha kitufe kwa kisigino, kidogo, na kidogo tena, mpaka besi ikatoka hewani, ikabaki sakafuni tu. Meza za mbele hazikuisikia. Mlangoni hakuna aliyeisikia. Safari hii hakuweza kutembea na waya kwenda kuhakikisha, akaipima kwa nyayo zake mwenyewe, akarudisha kitufe juu unywele mmoja, akaacha. Ni mwanamke mmoja tu tunayemjua anayeweza kupiga kwa sauti hiyo, na bendi yake bado inamwandika wa mwisho kwenye mabango.

Docteur Magloire alisimama na maikrofoni. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alimsifu Jaël kwa kazi, Guy kwa uvumilivu, akawashukuru wapishi. Kisha akageukia kona.

"Kuko maneno imepita hapa leo," alisema. "Ni ya zamani. Usine ilituchunga shiye bote, tulikula mukate yake. Na masikio ya bazee yetu, ni uzee njo ilikamata, ni mambo ya Mungu. Papa Germain mwenyewe anajua."

Germain hakujua hata kama mtu anazungumza. Alikuwa amenyoosha vidole vya miguu juu ya saruji, mikono magotini. Maneno ya Martine yalianza kumpitia Émilienne kwanza, maana naye hakuwa na viatu, na kwa adabu aliyonayo hajawahi kuyarudia maneno ya mtu. Ilikuwa sauti ya mwanamke mgonjwa, bila haraka.

"Germain, minajua hausikie. Tangu zamani minajua. Itika tu na kichwa, batoto baone kama tuliagana bien."

Safari hii Germain hakuyatamka. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya furaha. Uso wake ulilegea kote, na Jaël, aliyemwona kutoka mezani, naye akalia, akidhani analia kwa ajili ya ndoa.

"Haiko vile, Papa Germain?" aliuliza daktari kwenye maikrofoni.

Germain akatikisa kichwa kukubali. Alitikisa taratibu, mara nyingi, kwa moyo wote.

Ukumbi ukapiga makofi. Docteur Magloire akamshukuru, akasema mnaona, akaketi, na keki ikaletwa. Ricky alimwashiria Émilienne kwamba sasa anaweza kuiinua ampli, watu wacheze. Émilienne hakuiinua. Aliendelea kupiga noti ileile, chini, polepole, kwa sababu mzee alikuwa bado anatikisa kichwa.