Guverneri ndani ya Sanduku

Kama Carmel angejua kunyamaza, nyumba ile ya Nguba ingekuwa na amani kidogo. Lakini Carmel alitoroka Nyangezi akikimbia risasi, akaacha kila kitu isipokuwa ulimi. Alifika kwa Madeleine, mke wa kaka yake, na mikeka miwili kichwani na neno moja mdomoni: Gérard ameshakufa, tukae matanga.

Madeleine hakutaka kulisikia. Mumewe alipanda ndege ndogo kwenda Shabunda na chanjo za watoto, vita vikafunga uwanja nyuma yake, na tangu hapo fonie ya parokia, ile redio ya kuitana, ilikuwa inakoroma tu kila ilipoitwa kule. Mwaka mzima sasa. Kukoroma si kufa, Madeleine alisema. Tena alijua vizuri kinachofuata machozi: matanga yakiondolewa, ukoo unakaa vitini kugawana nyumba, na mjane anaambiwa ashukuru kwa sufuria. Yeye na binti yake Carine wangekwenda wapi, na kila njia panda ina askari?

Kilichouzuia ukoo kukaa matanga ni kobe. Gérard alimrithi kwa marehemu baba yake na kumpa jina la Guverneri, yaani gavana, kwa sababu hatembei, anazuru. Siku baba yao alipofariki, kobe yule alijikunja gambani, hakutoa kichwa mpaka maziko yakaisha. Muzee Anaclet, baba mdogo wa Gérard na mkubwa wa ukoo, hakusahau jambo hilo. Akakata shauri mbele ya wote: "Mutu mwenye kobe yake ingali inatembea, hatumulilie."

Basi asubuhi moja, mvua zimekwisha na baridi ya kiangazi imeanza, Madeleine akamkuta Carmel ameinama uani, anamlisha Guverneri majani. Bukavu mtu hahitaji bunduki kukumaliza. Ipo karuho, ile sumu ya polepole unayotiliwa chakulani na mtu mnayesalimiana kila siku. Na ni nani aliyekuwa na haja ya kobe yule kufa kuliko huyu? Kikulacho ki nguoni mwako. Madeleine hakuuliza hata neno. Alimnyakua mnyama, akamfungia katika sanduku la bati chini ya kitanda chake, akavaa ufunguo shingoni pamoja na rozari.

Tangu hapo Guverneri akaanza kudhoofika. Kwanza aliacha kula, halafu akaacha kufumbua macho, mwishowe miguu ikawa inaning'inia tu akiinuliwa. Madeleine alimpa maziwa, akamgusisha mawese mdomoni, akamkorogea maji ya makaa. Yote yalimtiririka shingoni. Daktari wa mifugo alimwambia kwamba yeye anajua ng'ombe na mbuzi, kobe hajawahi kumsikia akilalamika. Mama mmoja wa Kadutu anayetapisha watu karuho alimpa dawa chungu, lakini utamtapishaje mnyama asiyefungua mdomo? Karuho imeshamwingia, Madeleine akajiambia, na kila alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kufunga lile sanduku.

Nyumbani wakawa hawali tena chungu kimoja. Kila mmoja alisonga fufu yake na kuifunika, na aliyetoka nje alirudi akichungulia sufuria. Madeleine alimchukia wifi yake kuanzia visigino vyake mpaka namna alivyokuwa akikohoa. Carmel naye hakuwa mjinga. Harufu ya dawa ilipita chini ya mlango, naye akatuma ujumbe kwa muzee Anaclet.

Jumapili baada ya misa ukoo ukaja, na mikeka yao chini ya kwapa. Anaclet akaomba kumwona kobe, kwa upole, na upole wake ulikuwa amri. Madeleine akaliburuta sanduku hadi mlangoni, akalifungua. Guverneri alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Carmel akampokonya, akatoka naye uani, akamweka juu ya jiwe la kufulia, juani, ili kila mtu aone kwa macho yake.

Hapo ndipo Madeleine alipoyamwaga yote. Alimwita Carmel mchawi, mla nyumba za watu, mbele ya ukoo mzima. Carmel alimwacha amalize.

"Mimi minataka kulia kaka yangu," akasema. "Mwaka muzima unaninyima ata machozi."

Akatandika mkeka wake mwenyewe, akakaa, akafungua kitambaa cha kichwa. Wanawake wengine nao wakaanza kutandika. Wazee wakabishana juu ya misa ya kumwombea, nani aende kwa padri, na siku gani. Yakawa marefu, kama kawaida ya wazee, na jua la adhuhuri likazidi kukaza.

Carine ndiye aliyeona. Aligusa mkono wa mama yake, akaonyesha jiwe kwa kidevu. Kichwa kilikuwa nje. Jicho moja lilifumbuka, kisha la pili, na Guverneri akashuka jiweni kwa kishindo, akaanza kuzuru mikeka ya matanga.

Carmel akapiga magoti akalia kwa sauti, akilitaja jina la kaka yake na kumshukuru Mungu. Madeleine akaweka kiganja juu ya gamba. Lilikuwa na joto. Akakumbuka sakafu ya saruji chini ya kitanda, ambayo yeye mwenyewe haikanyagi asubuhi bila kandambili, na ufunguo ukamwelemea shingoni. Hakuna aliyemtia mnyama huyu sumu. Yeye ndiye aliyemnyima jua.

Anaclet akaamuru mikeka ikunjwe. Akauliza kobe alikuwa na ugonjwa gani. Madeleine akajibu kwamba hata yeye hajui.

Carmel akainua uso. Akatazama lile sanduku wazi mlangoni, akatazama ufunguo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Nyangezi akanyamaza. Madeleine aliona heri angetukanwa.

Wageni walipokwisha kuondoka, Madeleine akamkaribia.

"Wifi, yale majani ulikuwa unamupatiaka, ilikuwa nini?"

"Lenga-lenga," Carmel akasema, bila kumtazama. "Ya mu jardin yako."

Madeleine akachukua kisu, akaenda bustanini kumchumia Guverneri mchicha huo.